Wapangaji wa Juu ya Duka la Misumari

Kwa miaka mingi nilikaa katikati ya mji wa Kisumu, ile sehemu ya zamani iliyo upande wa stesheni ya reli, ghorofani juu ya duka la misumari, na karibu kila niliyemwambia alinihurumia. Watu wa rika langu, wenye shahada kama zangu, walikuwa wamehamia Migosi, au wamenunua ploti Nyamasaria na kuanza ile kazi ya maisha yote ya kuongeza chumba kimoja kila Krismasi. Mimi nilibaki mjini. Rafiki yangu mmoja, mhasibu, alinieleza tatizo langu mbele ya watu tukiwa harusini.

"Omera, ndugu yangu, taun hulala watu aina mbili," alisema. "Wahindi wenye maduka, na walinzi wa maduka. Sasa wewe hatujui tukuweke wapi."

"Niweke kwa walinzi."

"Mlinzi ako na rungu. Wewe uko na nini?"

Nilikuwa na insha. Nilikuwa nikiandika insha ndefu, ambayo mpaka leo haijaisha, kuhusu uzuri wa kuishi mahali ambapo kila kitu unakifikia kwa miguu. Na kweli nilivifikia. Mkate ulikuwa ng'ambo ya barabara, kinyozi chini ya nguzo za duka la jirani, samaki sokoni, maktaba baada ya kona, na ziwa mwisho wa mteremko. Asubuhi nilisikia kengele ya hekalu, adhana na honi ya lori, zote kabla sijavaa viatu. Sikuwa na gari wala sikulihitaji, na nililitaja jambo hili mara nyingi kuliko watu walivyotaka kulisikia.

Insha haikusema mengi kuhusu choo. Haikusema pia kuhusu paa, ambalo lilikuwa limepigwa lami mara nyingi hata sikujua kama bado kulikuwa na mabati chini yake. Jengo lilikuwa la mawe, la enzi za ukoloni, na mwaka wa kujengwa kwake ulichongwa juu kabisa mbele, lakini korongo wale wenye upara walikuwa wameufunika kwa kinyesi kizazi hata kizazi. Panya walikuwa wapangaji wa zamani kuliko sisi. Magugu maji yalipojaa ghubani, upepo wa mchana ulituletea harufu ya kitu kilichosahauliwa kwenye ndoo. Ngazi ya mbao ilikuwa nyembamba na imesimama wima, kana kwamba iliundwa kwa ajili ya makarani wembamba wasiobeba kitu.

Juu tulikuwa wapangaji wawili tu, vyumba vyetu vikitazamana kwenye veranda moja yenye ukuta mfupi wa mbao. Mwenzangu alikuwa karani mstaafu wa bandari, aliyekaa pale na mkewe tangu enzi ambazo meli zilikuwa bado zinafika na abiria. Watoto wao walikuwa wamekua na kutawanyika. Nilimwita Jaduong', kama tunavyomwita mwanamume mzima anayestahili heshima. Yeye aliniita Prof, cheo ambacho chuo kikuu kilikataa kabisa kunipa. Mkewe nilimwita Mama.

Kuna jambo lazima nilieleze hapa kuhusu sisi watu wa ziwani, kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka. Kwetu, nyumba ya kupanga si nyumbani, hata ukikaa ndani yake mpaka mvi zikutoke masikioni. Nyumbani ni dala, boma ambalo mwanamume amelianzisha mwenyewe katika ardhi ya ukoo wake. Huendi tu siku yoyote ukajenga. Unakwenda na jogoo, shoka na moto, na mke wako, na mwanao wa kwanza, na watu wa ukoo, na nyumba inasimama siku hiyo hiyo, na usiku huo mwenyewe analala ndani. Na kuna foleni. Mkubwa hujenga kwanza. Mdogo hawezi kuanzisha boma lake kabla ya kaka yake. Na mwanamume akifa kabla hajajenga, huzikwa katika boma la baba yake, kama kijana ambaye hajaondoka kwa wazazi.

Jaduong' alikuwa mdogo. Kaka yake alikuwa Nakuru, mwenye biashara na nyumba nzuri ya kisasa, na hakuwa amejenga kwao. Kwa hiyo Jaduong' hakuwa amejenga. Ndiyo sababu alikuwa juu ya duka la misumari miaka yote hiyo, akiwa na sehemu yake ya shamba ng'ambo ya ghuba, upande wa Kendu Bay. Siku za hewa safi tuliweza kuona vilima vya upande huo tukienda ufuoni, naye angevionyesha kwa kidole.

"Ile pale ni yangu," angesema. "Nimezuiwa na jitu moja la Nakuru."

Tulikuwa tukicheka. Wakati huo lilikuwa jambo la kuchekesha.

Kisha miguu yake ikaanza kuvimba. Daktari alisema moyo umetanuka na unasukuma damu kwa uvivu. Mwanzoni hakuna kilichobadilika, na niliona fahari ya kijinga kwamba mtaa wetu ulikuwa kama umeundwa kwa ajili ya mgonjwa: duka la dawa chini, kliniki karibu, kanisa lake baada ya kliniki. Lakini ule mtaa wa kutembea ulianza kupungua kwa kadiri ya pumzi zake. Kwanza liliondoka ziwa, kwa sababu kurudi kulikuwa kupanda. Kisha soko. Kisha kanisa, naye akawa anaimba nyimbo za Jumapili akiwa verandani, akisikiliza kwaya kwa mbali na kuwakosoa. Mwishowe ilibaki ngazi, nayo alishuka tu siku za kliniki, akikaa kila hatua chache kama mtu anayengoja kuhudumiwa.

Mwenye nyumba wetu alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa katika chumba ambacho sasa kilikuwa stoo ya rangi. Dholuo yake, lugha yetu sisi Wajaluo, ilikuwa safi kuliko yangu, na alinikumbusha hilo mara kwa mara mbele ya wateja. Siku moja alipanda ngazi mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mkewe alipofariki, akasimama verandani akihema.

"Jaduong'. Prof. Nimeuza."

"Umeuza nini?" Jaduong' aliuliza.

"Nyumba hii."

"Na sisi tuliomo?"

"Nyinyi nilijaribu, hakuna aliyetaka." Hakucheka, na sisi hatukucheka. "Watoto wako Kanada. Wanaambia mimi, Baba, utakufa huko peke yako na misumari. Huyu mnunuzi atavunja yote. Anataka kujenga ile ya vioo, ghorofa juu ya ghorofa. Mkae mpaka mvua kubwa ianze. Zaidi ya hapo siwezi kusaidia, omera."

Mama aliuliza kama angependa chai. Alikubali, akainywa akiwa amesimama, akitazama mbao za dari kama mtu anayetafuta kosa ndani yake ili uamuzi uwe mwepesi. Alipoondoka, nilianza kuzungumza kuhusu sheria ya majengo ya kihistoria, na kwamba kuna watu ninaowafahamu, na kwamba ningeweza kuandika.

"Andika, Prof," Jaduong' alisema. "Lakini mimi sasa nitajenga."

Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yetu: mvua kubwa upande mmoja, moyo wake upande wa pili, na katikati kaka yake wa Nakuru.

Alimpigia simu jioni ile, sauti ikiwa wazi ili Mama asikie. Nami nilisikia, maana veranda ilikuwa moja.

"Kaka, mimi ni mgonjwa. Nataka ujenge."

"Nilikuambia niliacha hayo mambo," kaka alisema. "Niliokoka. Hizo ni mila za giza."

"Sikuambii uziabudu. Nakuambia ujenge."

"Wewe jenga tu. Nani atakushika?"

"Hakuna atakayenishika. Hakuna atakayekuja."

Na huo ulikuwa ukweli. Nilimwambia baadaye, kwa ule ujasiri wa mtu ambaye jambo halimhusu, kwamba kaka yake ana hoja. Ajenge, ukoo utazoea. Akaniuliza kama nitawaleta watu wa kula katika nyumba hiyo, na kama nitakuwepo kila mjukuu wake akipatwa na homa na watu wakasema ni kwa sababu babu yake aliruka foleni. Nikamwuliza kama yeye mwenyewe anaamini.

"Prof, wewe unaamini Katiba?"

"Naamini."

"Inafuatwa?"

"Si sana."

"Na bado unaiamini. Niache basi."

Wiki kadhaa zilipita kwa simu za namna hiyo. Mwishowe nafikiri ni aibu iliyomshinda yule kaka, maana dada zao walianza kumpigia pia, na wanawake wa familia ile walikuwa na subira ndefu na sauti kubwa. Alikubali kuja siku moja. Mke wake hangekuja. Mwanawe wa kwanza alikuwa ng'ambo, masomoni. Baba mdogo wao, ndugu wa marehemu baba yao, ndiye aliyekuwa msemaji wa boma, naye alisema sawa, shoka litabebwa na mpwa, na mke tutamsamehe. Kilichobaki ni mwenyewe aje, ajenge, alale. Asubuhi itakayofuata mdogo wake naye ataanza.

Mzee wa duka alitoa mabati na misumari ya nyumba zote mbili, na pikapu yake ya kuvibeba. Alisema ni vitu asivyoweza kupeleka Kanada. Tulizunguka ghuba, Jaduong' mbele na dereva, Mama na mimi nyuma juu ya mabati yaliyotuchoma kila jua lilipotoka.

Kaka aliwasili kwa gari dogo jeupe, kwa suti na viatu vilivyong'aa. Walipompa jogoo alimshika mbali na mwili wake, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe aliyelowa. Lakini alikwenda mbele kama ilivyotakiwa, akasimama pale alipoonyeshwa, na vijana wakachimba mashimo. Kazi ilikwenda mbio. Jaduong' alikuwa amewekewa kiti kivulini mwa nyumba ya marehemu baba yao, miguu juu ya jerikeni, akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Sikuwa nimemwona na furaha hiyo tangu alipokoma kwenda ufuoni. Kufikia alasiri kulikuwa na chumba kimoja cha mabati, mlango wenye komeo, dirisha la kipande cha mbao. Kaka alikipiga picha kwa simu yake.

"Haya," baba mdogo alisema. "Mama atakutandikia kitanda."

"Cha nini?"

"Cha kulala."

"Baba, nilikuja kujenga. Kulala hatukuongea."

"Tuliongea. Nyumba ni ya kulala, si ya kupiga picha."

"Kesho nina ibada. Ninaongoza. Watu wananingoja."

"Na hawa hapa ni nini? Mbuzi?"

Watu walicheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichoharibu. Uso wa kaka ulikunjamana. Alisema amefanya zaidi ya ambavyo dhamiri yake inaruhusu, akamwendea mdogo wake pale kitini, akamwekea mkono kichwani, akamwombea kwa sauti ndefu na nzuri, afya na maisha marefu. Kisha akaingia garini. Jaduong' alilitazama gari mpaka vumbi likatua juu ya ua wa miiba.

Nguzo za nyumba yake zilikuwa pale pembeni, zimefunikwa turubai. Nikamwambia baba mdogo, kwa heshima nyingi, kwamba pengine ingetosha. Nyumba imesimama, mwenyewe ameshika jogoo, na hali ya mgonjwa kila mtu anaiona.

Baba mdogo alimgeukia Jaduong'. "Huyu ni nani?"

"Ni Prof. Jirani yangu wa taun."

"Ako na dala?"

"Hana."

"Basi anyamaze." Kisha akaongeza, kwa upole, akimwambia Jaduong' na si mimi: "Nyumba ambayo mwenyewe hajalala ni banda, mwanangu. Nikikuruhusu leo, kesho nitawaambia nini wengine? Tungoje. Atarudi."

"Mimi sina nafasi ya kungoja, Baba."

"Najua," mzee alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwa mkatili. Nimejaribu mara nyingi kumfanya mkatili katika kumbukumbu zangu, na imenishinda.

Tulirudi mjini na pikapu tupu.

Kaka alipopigiwa simu alisema Agosti, shule zikifungwa. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika kila alasiri juu ya ziwa, na vibarua wa mnunuzi walikuwa wakipita kupima ukuta. Nilikwenda kutafuta nyumba za kupanga kwa niaba yetu sote. Migosi niliona moja nzuri, ghorofa ya tatu. Mama aliuliza ngazi ni ngapi, na hakutaka kusikia jibu. Nyamasaria niliona nyingine, ya chini, mpya, yenye vigae mpaka jikoni.

"Kliniki iko wapi?" Mama aliuliza.

"Kuna bodaboda pale getini."

"Atakaa vipi kwa bodaboda, Prof?"

Kurasa zote zile kuhusu miji na miguu ya binadamu, na sikuwa na jibu kwa mtu ambaye miguu ilikuwa imemwishia. Tulikubaliana kuichukua ya Nyamasaria. Mama alianza kufunga vyombo kwenye katoni za sabuni alizopewa dukani.

Jaduong' alikufa kabla katoni hazijaisha, alasiri, verandani, kitini. Nilikuwa nimetoka kununua mkate. Nilimkuta Mama amepiga magoti mbele yake, akimvalisha kiatu kilichokuwa kimeanguka, na kile kiatu kikawa kinakataa kuingia kwa sababu ya uvimbe, naye akawa anakisukuma tu. Hakulia mpaka nilipokichukua mkononi mwake.

Ngazi haikuruhusu jeneza wala machela. Mzee wa duka alifunga duka, akapanda na vijana wake, wakang'oa ubao mmoja wa dirisha la mbele, ule mrefu, wakamfunga juu yake kwa kamba za dukani, na kumshusha karibu wima, kichwa juu, mtu mmoja akiwa chini yake amembeba kwa mabega. Mzee alitangulia kinyumenyume, mikono ameinua, akisema kwa Dholuo, polepole, polepole, kama anavyosema mtu kwa mgonjwa. Watu wa mtaa walisimama chini ya nguzo. Kinyozi alikuwa na wembe bado mkononi.

Mwili hauingii bomani mtu akiwa hana nyumba, kwa hiyo asubuhi ya kumpeleka, vijana walimpigia chumba cha mabati upesi upesi, ndani ya boma la baba yake, upande wa kushoto. Kilikuwa kidogo kuliko kile cha kaka. Jeneza lililala humo, na Mama kando yake sakafuni. Kesho yake tulimzika hatua chache kutoka mlango wa nyumba ya wazazi wake, karani mstaafu, baba wa watu wazima, mahali pa kijana asiyeondoka.

Kaka alikuja. Alihubiri, tena vizuri. Alisema marehemu alikuwa mtu mnyenyekevu, asiyejipendelea, aliyejua kumtanguliza mwenzake. Sikumtazama Mama. Aliposema amina, mvua ilikuwa imeanza, ile yenyewe kubwa, na kwetu barabara ni ya udongo mweusi. Gari lake jeupe lilizama kabla ya kufika lango la jirani. Vijana walisukuma, likazama zaidi. Nyumba ya wazazi ilikuwa imejaa wanawake, kanisa lilikuwa mbali, na suti ilikuwa imelowa.

Akapelekwa kulala katika nyumba yake, ile aliyoipiga picha. Hapakuwa na mahali pengine.

Asubuhi jua lilitoka kali, ardhi ikifuka mvuke. Tulikuwa tumekaa nje na vikombe, baba mdogo, mimi na wanaume wachache, wakati komeo liliposikika na kaka akatoka, akijinyoosha, alama za mkeka shavuni.

"Nimelala kama mtoto," alisema. "Ile mvua juu ya bati."

Baba mdogo akaweka kikombe chini, akasimama, akavua kofia. Nilidhani anataka kuomba. Lakini alikuwa akifanya kazi yake tu, kwa sababu neno hilo lazima lisemwe na mtu, na mtu huyo alikuwa yeye.

"Mwenyewe amelala," alisema. "Njia imefunguka. Mdogo wake anaweza kujenga."

Alikaa tena. Kikombe alikiacha pale chini.

Mama alikuwa akizunguka na birika. Alifika kwa shemeji yake, akamjazia kikombe mpaka juu, akakishika mwenyewe kwa sahani mpaka alipokuwa tayari kukipokea.

"Kunywa, Shemeji," alimwambia. "Barabara itakauka saa hii hii. Usichelewe safari."